Mama Jagi na Tope Lililokufa

Mama Jagi alirudi kazini siku ya tisa baada ya kumzika mumewe. Ruhusa aliyopewa ilikuwa ya wiki mbili, lakini nyumbani hakuwa na la kufanya zaidi ya kupokea pole, na pole nazo zilikuwa zimeanza kumchosha mkono. Saa moja kasoro asubuhi alipita langoni, akavaa ovaroli na buti za mpira, akatia sahihi kwenye kitabu cha zamu, akachukua jagi lake na kushika njia ya matangini.

"Umewahi," alisema fundi wa pampu, mzee aliyekuwa amechuchumaa akikaza nati. "Unakimbia nini huko nyumbani?"

"Wageni."

"Wageni hawakimbiwi, mama. Wanyime chai, wataondoka wenyewe." Alisimama akajifuta grisi kwenye suruali. "Pole sana."

"Asante."

Fundi huyo aliitwa Mzee Koki, na ndiye aliyembatiza mwenzake jina la Mama Jagi. Jagi lenyewe lilikuwa la plastiki angavu, la lita moja, lenye mistari ya vipimo ubavuni. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyo alikuwa akilichovya kila asubuhi katika tangi la hewa la kituo cha kusafishia majitaka, akaliweka mezani, akatazama saa. Jina likamganda kuliko lile la kwenye cheti.

Kazi yao haina sifa mitaani. Mtu akishavuta maji chooni, kwake habari imekwisha. Kwao ndiyo kwanza inaanza. Maji yanafika kituoni meusi, yamebeba kila kitu ambacho watu wameamua kukisahau: matambara, nepi, kandambili isiyo na mwenzake, na siku moja meno ya bandia ya juu, ambayo Mzee Koki aliyaosha na kuyaanika ukutani wiki nzima akingoja mwenyewe aje kuyaulizia. Takataka za namna hiyo huzuiwa na chujio la vyuma. Mbele yake kuna mfereji mpana ambamo maji hupunguza mwendo ili mchanga uzame. Kisha yanaingia katika bwawa la duara na kutulia, kizito kikashuka, mafuta yakaelea yakakwanguliwa. Kinachobaki baada ya hapo hakishikwi na wavu wowote, kwa sababu kimeyeyuka ndani ya maji. Hicho lazima kiliwe.

Walaji wanakaa katika tangi la hewa. Ni vijidudu wasioonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, wameshikana katika mabonge madogo laini. Mabonge hayo ndiyo huitwa tope hai. Mabomba ya sakafuni yanawapulizia hewa, maji yanatokota bila moto, nao wanakula uchafu, wanapumua, wanazaana. Yakitoka hapo maji huingia katika bwawa la pili, tope likazama, na yaliyo safi yakamwagika ukingoni kwenda kutiwa klorini na kisha mtoni. Tope lililozama hurudishwa tangini likale tena. Likizidi, la ziada hutolewa likakaushwe juani.

"Sisi hatusafishi maji," Mama Jagi alikuwa akiwaambia wanaokuja kujifunza. "Sisi ni wafugaji. Mifugo yetu ndiyo inayosafisha."

Hayo alikuwa akiyasema zamani, na watu wakicheka. Sasa hakuwa na hamu ya kumwambia mtu kitu.

Mumewe alikuwa seremala. Alianguka mchana akiwa amesimama, anapiga randa mlango wa mteja. Presha, walisema hospitali. Mama Jagi alifika akakuta shuka imeshafunika uso. Hakulia. Hakulia hospitali, hakulia msibani, hata jeneza liliposhushwa hakulia. Wapo waliosema amejikaza, wapo waliosema ana moyo wa jiwe, na yeye mwenyewe hakujua nani amesema kweli. Akijipapasa ndani hakukuta huzuni wala hasira. Alikuta ganzi, kama ya mguu uliokaliwa muda mrefu. Mguu ukiunyoosha hurudi na sindano zake, lakini yeye alinyoosha siku baada ya siku na sindano hazikuja. Binti yao, aliyekuwa chuoni mji mwingine, alipiga simu kila jioni kuuliza, "Mama umekula?" naye akajibu, "Nimekula," na mara nyingi ilikuwa kweli. Chakula kilikuwa kinapita tu.

Aliyeubeba msiba alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu. Shemeji huyo alikuwa na karakana ya kutia vyuma nikeli na kromu. Bampa, bomba za sinki na miguu ya viti viliingia kwake vimeota kutu vikatoka vinang'aa. Mtu wa maneno mengi, mwepesi wa utani. Kwa miaka yote ya ndoa alimwita Mama Jagi "mke wetu", na kila alipomtembelea alijifanya kuziba pua mlangoni. Lakini kaka yake alipofariki hakutania. Alitafuta gari, viti, turubai, akasimama langoni siku tatu kupokea watu hadi sauti ikakauka. Mama mkwe alisema mbele ya wote, "Huyu ameubeba msiba kwa mikono yake." Mama Jagi aliitikia kwa kichwa. Alijua kwamba anapaswa kuona shukrani, akaiweka kando kama barua ya kusomwa baadaye.

Wiki ya saba tangu arudi kazini, siku ya Jumatatu, alichovya kipimo cha oksijeni katika tangi la hewa kama kawaida. Kwa kawaida kilisoma mbili, au mbili na kitu. Siku hiyo kilisoma sita na nusu.

Alikitoa, akakisuuza, akakisawazisha, akarudia. Sita na nusu. Akaenda kuchukua cha akiba. Sita nukta sita.

Akatazama tangi. Povu lilikuwa limekwisha. Rangi yake ya kila siku, kahawia ya udongo uliolowa, ilikuwa imekuwa kijivu, na harufu ya udongo haikuwepo. Badala yake kulikuwa na ladha ya chuma nyuma ya ulimi. Alijaza jagi, akaliweka mezani, akatazama saa. Siku nyingine, nusu saa ilitosha tope kushuka na kukaa chini kwa heshima, maji ya juu yakabaki angavu. Safari hii nusu saa ilipita na ndani ya jagi mkabaki vumbivumbi lililokataa kushuka na kukataa kupanda.

Meneja wa kituo alikuja akitembea haraka. Alikuwa kijana msomi, mwenye miezi mitatu tu pale, mstaarabu, asiyeona haya kuuliza.

"Sita na nusu? Mama, hiyo si habari njema? Siku zote tunalia hewa haitoshi."

"Hewa haijaongezeka, Meneja. Vipulizi ni vilevile viwili. Wapumuaji ndio hawapo."

"Sijakuelewa."

"Wakila, wanaitumia hewa, kipimo kinashuka. Wasipokula, hewa inabaki humo haina mwenyewe. Ukiona imejaa hivi, jua chakula kipo mezani na wenye kula hawapo."

Walikwenda chumba cha maabara. Mama Jagi alidondosha tone juu ya kioo, akakiweka chini ya hadubini, akarekebisha, akatazama kwa muda. Alikuwa akiwafahamu wakazi wa mle kwa sura: wale wenye umbo la kengele, waliosimama juu ya vikonyo vyao na kusinyaa wakishtuka, wale wanaokimbia huku na huku kama wamechelewa, wale warefu wanaotambaa. Wote walikuwepo. Hakuna aliyetikisika.

"Wamekufa," alisema.

"Wangapi?"

"Wote ninaowaona."

Alilisema kama mtu anayearifu kwamba sukari imekwisha. Meneja aliinama atazame mwenyewe. Mzee Koki, aliyekuwa amesimama mlangoni kofia mkononi, hakuitazama hadubini. Alimtazama Mama Jagi.

Walifanya yanayopaswa kufanywa. Mzee Koki alizungusha gurudumu la lango la maji, maji yote yanayoingia yakaelekezwa katika bwawa la dharura. Lakini bwawa hilo lingejaa kwa siku mbili tu, na baada ya hapo maji yangeenda mtoni hayajasafishwa vizuri, huku chini ya mto kuna watu wanaomwagilia mboga. Meneja alikwenda huko mwenyewe na gari la kituo, akapita bustani hadi bustani kuwaambia wasichote. Wengine walimtukana, akarudi kituoni.

"Kuna mtu amemwaga sumu," alisema. "Inatoka wapi?"

"Juu," alisema Mama Jagi. "Tutaifuata."

Kesho yake asubuhi yeye na Mzee Koki walichukua ramani ya mabomba, ndoano ya chuma, kamba yenye kopo, na karatasi za kupimia asidi, zile zinazogeuka nyekundu zikionja kitu kikali. Walianza karibu na kituo wakapanda na bomba kuu. Kila penye chemba, Mzee Koki aliingiza ndoano, akanyanyua mfuniko, Mama Jagi akashusha kopo, akachovya karatasi, akaandika. Watu waliwapita wakiziba pua.

"Mafundi, mnatafuta dhahabu humo?" aliuliza mwanamke mmoja kutoka dirishani.

"Tunatafuta mtu aliyekula akaondoka bila kuaga," alijibu Mzee Koki.

Mama Jagi hakucheka. Mzee aliendelea kutania hivyohivyo, kama mtu anayepuliza jiko ambalo hajui kama lina kaa lililobaki.

Kwenye chemba ya njia panda yalikutana mabomba matatu: moja la nyumba za watu, moja la sokoni, na moja la mtaa wa karakana. Mawili hayakuibadilisha karatasi. Ya tatu iligeuka nyekundu kabla hajahesabu mbili, na maji ndani ya kopo yalikuwa ya njano, njano isiyo ya uchafu wa binadamu. Wakaingia mtaa wa karakana. Seremala, wachomeleaji, fundi magodoro. Chemba ya kumi na mbili nyekundu. Ya kumi na tatu nyekundu. Ya kumi na nne ilikuwa mbele ya lango la bluu, na juu kidogo ya lango hilo ilikuwapo ya kumi na tano.

Walifunua kwanza ya kumi na tano. Maji ya kawaida, karatasi haikubadilika. Wakarudi kwenye ya kumi na nne. Ukuta wake wa ndani ulikuwa umepakwa njano toka juu hadi chini, na karatasi ikawa nyekundu iliyokoza.

Kati ya chemba hizo mbili palikuwa na karakana moja tu. Mzee Koki alilitazama lango la bluu. Alijua ni la nani: mwenye karakana ndiye aliyempa mkono langoni siku ya msiba, akamtafutia kiti.

"Mama Jagi."

"Naona."

"Huyu si ndiye..."

"Ndiye."

Mzee aliurudisha mfuniko polepole, akasimama juu yake kwa miguu miwili. "Macho yangu mimi mabovu, daktari aliandika. Na leo kuna jua kali. Mtu anaweza kukosea kusoma karatasi."

"Andika namba ya chemba, Mzee."

"Mama, hebu fikiri. Mkono uliokuvusha mto..."

"Nimefikiri. Andika."

Haikuwa kweli kwamba alifikiri. Alijichungulia ndani apime kama kuna kitu kinachomvuta huku au kule, akakuta hakuna. Palipokuwa na namba, namba huandikwa. Alijaza chupa mbili za sampuli, akabandika karatasi, akaandika tarehe na saa. Kisha akamwambia Mzee Koki amngoje kivulini, akasukuma lango.

Shemeji alikuwa ameinama juu ya pipa, glavu hadi kwenye viwiko. Alipomwona uso ukafunguka.

"Mke wetu! Leo umenitembelea? Leteni kiti!" Kisha akaona ovaroli, chupa, na buti. "Kulikoni?"

"Shemeji, Jumamosi au Jumapili ulimwaga nini?"

Aliivua glavu moja. Hakujaribu kudanganya, hilo Mama Jagi alilikumbuka baadaye. Alimwonyesha pembeni pipa la zamani lililopasuka ubavuni, kubwa kama kabati.

"Jumapili mchana. Nilikuwa peke yangu. Lilipasuka, maji ya kromu yakaanza kumwagika kuelekea mlangoni, na nje kulikuwa na watoto wa jirani wanacheza. Ningefanyaje? Nikazibua bomba la chini, nikayaelekeza huko, na masalia nimeyaosha humohumo hadi leo asubuhi." Akajaribu kutabasamu. "Nilijisemea, yanakwenda kwa shemeji yangu, yeye atajua la kuyafanya. Uchafu juu ya uchafu, kwani nini?"

"Wamekufa wote."

Tabasamu likatoka. "Nani?"

"Vijidudu. Tangi zima."

Aliguna kwa nafuu. "Shemeji, umenishtua! Nilidhani watu."

"Maji yatakwenda mtoni hayajasafishwa. Kuna watu huko chini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nimeandika. Wakaguzi watakuja kesho. Nimekuja kukuambia kabla hawajafika."

Sasa alielewa. Alivua glavu ya pili akaiweka juu ya meza kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Umeandika jina langu?"

"Namba ya chemba. Jina watalijua."

"Nani alisimama langoni kwako siku tatu?"

"Wewe."

"Nani alimvika kaka viatu?"

"Wewe, shemeji."

"Na bado?"

"Ungepiga simu," alisema Mama Jagi. "Hata Jumapili kuna mtu wa zamu. Tungefunga lango tukayakinga pembeni. Ungepiga simu tu."

Shemeji alimtafuta usoni. Aliposema tena alisema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Unajua, shemeji? Nadhani tulizika wawili siku ile. Wewe ulikwenda na kaka, na aliyebaki hapa ni buti na jagi."

Mama Jagi aliwaza kwamba huenda ni kweli. Alisubiri neno hilo limchome, halikuchoma. Akaaga, akatoka.

Karakana ilifungwa kwa utepe siku ya pili. Jumapili yake mama mkwe alimwita. Alikuwa amekaa ukumbini kwake, fimbo magotini, na hakumwambia aketi.

"Mwanangu wa kwanza nimemzika. Wa pili umemfungia mlango. Nimebakiwa na nini?"

"Mama, kazi ile..."

"Kazi ile ni ya vinyesi!" Sauti ya bibi ilipanda ikavunjika. "Kwa ajili ya wadudu wa chooni unamtupa ndugu wa mumeo? Kweli fadhila ya punda ni mateke."

"Ndiyo, mama," alisema Mama Jagi. Alisimama pale mpaka ikaonekana mazungumzo yamekwisha, akarudi nyumbani, akafua ovaroli.

Kituoni tope lililokufa lilitolewa lote, likafungiwa katika kitanda cha kukaushia chenye kufuli, kwa sababu wakulima walizoea kuomba tope kavu kuwa mbolea na hilo lilikuwa na sumu. Kisha magari ya kunyonya majitaka yakaleta mbegu, yaani tope hai kutoka kituo cha mji mwingine, mizigo sita. Mama Jagi aliifungulia tangini mwenyewe.

Kulea tope changa ni kazi ya subira. Ukilipa chakula kingi mara moja linavimbiwa, likinyimwa linasinzia. Alianza na robo ya maji yanayoingia, akaongeza kidogo kidogo. Hewa hakuizima hata saa moja. Tope lililozama alilirudisha lote, hakutoa la ziada hata ndoo. Na kila asubuhi alitazama namba ishuke, maana sasa kushuka ndiko kulikuwa neema: sita, tano na nusu, tano. Siku mbili haikusogea. Kisha nne. Meneja aliichora ukutani kwa kalamu nyekundu, na alipomwonyesha alikuwa anacheka kama mtoto aliyefaulu mtihani. Mama Jagi alimwambia, "Vizuri," akasikia jinsi sauti yake ilivyokuwa bapa, akaongeza, "Vizuri sana, Meneja," ili asimvunje moyo.

Wiki ya nne tope lilishuka ndani ya jagi likakaa chini. Mzee Koki alipiga makofi. "Yamerudi maisha!"

"Yamerudi," alisema Mama Jagi.

Karakana iliruhusiwa kufunguliwa baada ya wiki saba, kwa masharti. Mwenyewe alijenga tangi la zege la kuyashikia maji ya kazi na kuyatia dawa kabla ya kuyaachia, na kila Jumatatu alitakiwa kuleta sampuli kituoni ipimwe. Aliyekuwa akipima ni mmoja tu.

Jumatatu ya kwanza shemeji aliingia maabara, akaweka chupa mezani, akabaki amesimama akitazama dirishani. Mama Jagi alipima, akaandika, akagonga muhuri, akamsogezea karatasi. Aliichukua akatoka. Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Jumatatu ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu alikuta kiti kimewekwa karibu na meza, akakaa. Mama Jagi hakukumbuka kukiweka. Pengine ni Mzee Koki.

Jumatano moja baada ya hapo, saa nne asubuhi, simu ya zamu ililia.

"Shemeji. Ni mimi."

"Nakusikia."

"Bomba la pipa limechomoka. Nimeshaziba, lakini kiasi kimeingia chini. Kama ndoo tano." Alikuwa anahema.

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Haijafika dakika kumi."

"Usimwage maji kuoshea. Usiguse kitu. Mwenyewe umeumia?"

"Hapana. Glavu zilikuwepo."

Kutoka mtaa wa karakana hadi kituoni maji hutembea saa moja na nusu. Hilo alilijua kwa kichwa. Alimwita Mzee Koki. Hawakuwa na haja ya kukimbia, walitembea tu hadi langoni, mzee akalizungusha gurudumu, maji yakageuzwa kuelekea bwawa la dharura. Kisha wakasimama kwenye mfereji na karatasi zao. Karatasi zilibaki vilevile kwa muda mrefu. Halafu moja ikawa nyekundu, na uzi wa njano ukapita chini yao taratibu ukaingia pembeni ulikoelekezwa. Walingoja mpaka karatasi tatu mfululizo ziwe safi, wakangoja nusu saa nyingine juu yake, ndipo Mzee Koki akarudisha lango. Katika tangi la hewa walaji waliendelea kula. Hawakujua lolote.

Akapiga simu. "Imepita, shemeji."

"Imekuharibia?"

"Hapana. Tumeikinga."

Alimsikia akishusha pumzi. "Basi sawa."

"Sawa. Asante kwa kupiga."

Alipoweka simu chini alisikia sindano mikononi, kama za mguu uliokaliwa unaponyooshwa. Aliikunja mikono, akaikunjua, sindano zikaendelea. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akaitazama kama mikono ya mtu mwingine aliyemwomba amshikie. Mzee Koki alimwona kupitia dirisha la maabara, akaenda kuwasha pampu ambayo haikuhitaji kuwashwa.

Jumatatu iliyofuata shemeji aliweka chupa mezani, akasema, "Mama anasema sinki lake halipitishi maji wiki ya pili sasa. Mimi nimejaribu, nimeshindwa."

"Anataka nije?"

"Hajasema hivyo. Amesema sinki halipitishi maji."

Alikwenda Jumapili asubuhi. Mama mkwe alimfungulia, akaitikia salamu yake kwa kifupi, akamtangulia jikoni. Mama Jagi alipiga magoti, akaweka karai chini, akafungua kiungo cha bomba kwa mkono. Ndani kulikuwa na bonge la mafuta meupe lililoganda, lenye nyuzi za matambara na mbegu za limau. Alilitoa kwa vidole, akaosha kiungo, akakirudisha, akafungua koki. Maji yakashuka yakiguna.

"Mama, mafuta ya kukaangia usiyamwage humu. Yafute kwa karatasi utupe kwenye taka."

"Miaka hamsini nayamwaga humu."

"Ndiyo. Yalikuwa yanafika kwetu."

Bibi alimtazama kutoka juu, mkono kiunoni. Mdomo wake ulitikisika upande mmoja, pengine kucheka, pengine la. Alivuta kiti cha jikoni kwa ncha ya fimbo. "Kaa basi. Chai ipo, imeshachemka."

Mama Jagi alinawa mikono mara mbili, akakaa. Chai ilikuwa ya moto sana, ikamuunguza ulimi. Waliongea habari za binti aliyeko chuoni, mitihani yake, na lini atafunga. Marehemu hawakumtaja. Saa sita Mama Jagi aliaga, na mama mkwe alimsindikiza hadi kona ya barabara akitembea polepole na fimbo yake.

"Wiki ijayo uko zamu gani?" bibi aliuliza.

"Ya asubuhi. Jumapili nina nafasi."

"Bomba la bafuni nalo linavuja."

"Nitakuja na spana," alisema Mama Jagi.